Daktari wa jicho moja na ramani ya saratani

Nilipokuwa Kinyangiri, kule Singida, kwenye mazoezi ya kufundisha, nilisimama mbele ya Kidato cha Pili na somo la damu. Nikachora nyutrofili, ile chembe nyeupe inayotangulia kufika kwenye kidonda na kumeza bakteria. Binti wa dawati la mbele akauliza: kama askari hawa wapo, saratani inapitaje? Nikamwambia tutalijibu kesho. Kesho yake nikarukia mada nyingine, aibu yangu hiyo. Niliporudi chuo nililitafuta jibu maktaba, likanipeleka kwa mtu ambaye hata hakuwa mtaalamu wa damu, Denis Burkitt.

Alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, jicho la kulia likapotea. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, akahamia udaktari (wale mnaotaka kubadili kozi, mmesikia). Alipoomba kazi ya udaktari makoloni walimkataa kwa sababu ya jicho. Vita vya Pili vikamleta Afrika Mashariki na jeshi, na mwaka 1946 akapata kazi Lira, Uganda. Miaka miwili baadaye akawa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna ileile, naye alikuwa na uvimbe tumboni. Hapo ndipo alipoanza kuchimba mafaili, akaandika makala ya kwanza mwaka 1958.

Sehemu ninayoipenda mimi ni hii: hakukimbilia maabara, maana hakuwa nayo. Alituma fomu zenye picha kwenye hospitali za Afrika nzima akiuliza nani ameona ugonjwa huu, na nani hajauona. Oktoba 1961, Tanganyika ikihesabu wiki kufikia uhuru, aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa Ford iliyokwisha tumika. Wiki kumi, maili kama 10,000, hospitali zaidi ya 50, mpaka Afrika Kusini. Ramani ikajichora yenyewe: uvimbe uko kwenye joto na mvua, nyanda za juu zenye baridi hauko. Yaani ulikuwa unafuata malaria.

Mwaka huohuo alikuwa ametoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwemo ukumbini. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokikuta ndani yake. Kirusi hicho karibu kila mtu anacho, ila wengi hakiwafanyi chochote. Malaria inayojirudia ndiyo inayoharibu hesabu: inazichosha chembe nyeupe zinazokidhibiti kirusi, huku ikizichochea zile kinamojificha zizaliane kwa wingi. Katika kuzaliana huko, jeni moja ikikaa pasipo pake, saratani imeanza.

Burkitt pia alijaribu dawa. Watoto wengine walipewa dozi chache sana, uvimbe ukayeyuka na usirudi. Madaktari wakaanza kufikiri kwamba mwili wenyewe ulikuwa unamalizia kazi. Ila dawa hizohizo zinapunguza nyutrofili, kwa hiyo homa ndogo kwa mtoto aliye kwenye matibabu ni dharura. Na nyutrofili zenyewe hazieleweki kirahisi: kwenye uvimbe zinaweza kuua chembe za saratani, au zikageuzwa na saratani kuisaidia ipate mishipa mipya ya damu. Jibu la yule binti ndilo hilo: askari wanafika, ila wengine wanachoka na wengine wanahamia upande wa pili.

Mulago ilipata kituo cha kutibu limfoma mwaka 1967, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Burkitt alikuwa ameshaondoka. Huko Uingereza akawa maarufu tena kwa kuwahimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Machi 1993.

Nimemwandikia yule binti kurasa mbili, na ramani nimeichora kwa mkono. Nimeweka nukta ndogo pale Singida ili aone yuko wapi. Barua itapitia kwa mwalimu wao wa Baiolojia, ambaye naye ameomba nakala.