József Asbóth: bingwa wa Paris aliyerudi nyumbani wakati wengine walikimbia

Kwenye orodha ya wanaume walioshinda mashindano ya tenisi ya Roland Garros mjini Paris, inchi ya Hungaria ina jina moja tu: József Asbóth, mwaka wa 1947. Kabla yake hakuna Mhungaria mwanaume aliyechukua taji kubwa la mchezaji mmoja mmoja, wala Paris, wala London, wala Melbourne, wala New York. Baada yake, mpaka leo, hakuna pia. Na yeye ndiye mwanaume wa kwanza kutoka Ulaya ya Mashariki kufika pale.

Wapenzi wengi wa tenisi hawamjui. Ametangulia zamani sana, alicheza wakati ambapo mchezo huo haukuleta feza, na miaka yake ya nguvu ilimezwa na vita upande mmoja, na mipaka iliyofungwa upande mwingine. Hata hivyo maisha yake yanaonyesha vizuri jambo ambalo wanamichezo wengi wa wakati ule walikutana nalo: ukipewa ruhusa ya kutoka inchini mwako, unarudi ao haurudi?

Asbóth alizaliwa tarehe 18 mwezi wa tisa 1917 katika mji wa Szombathely, magharibi mwa Hungaria, karibu na mpaka wa Austria. Familia yake ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. Jambo hilo si dogo, kwa sababu tenisi ya Ulaya wakati ule ilikuwa mchezo wa matajiri. Raketi, mipira na uanachama wa klabu vilikuwa na bei, na kiwanja kilikuwa mahali pa watu wa nguo nyeupe ambao hawakuhitaji mshahara wa kila mwezi. Mtoto wa reli hakuwa na nafasi pale mpaka mchezo wake wenyewe umfungulie mlango. Wa Asbóth ulimfungulia. Mwaka wa 1938, akiwa na umri wa miaka 20, alianza kuchezea Hungaria katika Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa.

Mwaka mmoja baadaye, vita ya pili ya dunia ikaanza. Wimbledon haikuchezwa tangu 1940 mpaka 1945. Roland Garros yenyewe, kabla ya Wajerumani kuingia Paris, ilifanywa kambi ambamo serikali ya Ufaransa ilifungia wageni iliyowashuku. Mmoja wa waliofungiwa humo mwaka wa 1939 alikuwa mwandishi Arthur Koestler, mzaliwa wa Budapest. Kwa hiyo kabla Mhungaria hajashangiliwa kwenye uwanja ule, Mhungaria mwingine alilala humo akiwa mfungwa.

Hungaria iliingia vita upande wa Ujerumani na ikaanguka pamoja nao. Jeshi la Kisovieti liliuzingira mji wa Budapest tangu mwisho wa mwaka wa 1944 mpaka mwezi wa pili 1945, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja yote ya mto Danube mjini humo. Kisha feza ikaoza. Mwaka wa 1946 pengő, feza ya Hungaria, ilishuka kwa kasi ambayo mpaka leo hakuna inchi nyingine iliyoifikia. Kulikuwa noti moja iliyobeba thamani ya moja na sifuri 20. Asbóth aliingia vita akiwa kijana wa miaka 21. Ilipoisha alikuwa anakaribia 28, umri ambao wachezaji wengi huwa wamekwisha kupata sehemu kubwa ya mataji yao.

Tuje basi kwenye mwaka wa 1947. Mwezi wa pili, wajumbe wa Hungaria walikwenda Paris kutia sahihi mkataba wa amani, wakiwa wawakilishi wa inchi iliyoshindwa. Mwezi wa saba, Asbóth akafika katika mji uleule na raketi zake. Miaka ile miwili ya kwanza baada ya vita, mashindano ya Ufaransa yalichezwa baada ya Wimbledon, si mbele kama tulivyozoea. Wachezaji wakubwa walifika Paris wakitoka moja kwa moja kwenye majani ya London, na ikawabidi wabadilishe mchezo ili kuendana na udongo mwekundu.

Udongo ule ndio ulikuwa nyumbani kwa Asbóth. Juu ya udongo mpira unapunguza mwendo na kuruka juu, hivyo nguvu ya kupiga haitoshi. Mchezaji anahitaji uvumilivu, miguu na shabaha. Asbóth alikuwa na hayo yote. Njiani alimtoa Yvon Petra, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa Wimbledon wa mwaka uliotangulia, mbele ya watu wake mwenyewe. Katika nusu finali alikutana na Tom Brown wa Marekani. Brown huyo wiki chache tu mbele alikuwa amecheza finali ya Wimbledon dhidi ya Jack Kramer. Asbóth alimshinda kwa seti tatu mfululizo, na Mmarekani hakuambulia sana.

Finali ilimpambanisha na Eric Sturgess wa Johannesburg, Afrika ya Kusini. Matokeo yalikuwa 8-6, 7-5, 6-4. Ukitazama namba zile utaona kwamba hakuna seti iliyokuwa rahisi, lakini pia hakuna iliyomponyoka. Sturgess angerudi kwenye finali hiyo mwaka wa 1951 na kupoteza tena. Asbóth alikuwa na miaka 29, karibu 30.

Kombe lile halikumfanya tajiri. Mpaka mwaka wa 1968 mashindano makubwa yalikuwa ya wachezaji wasiolipwa, na anayetaka kula kwa jasho la raketi ilimbidi ahame na kujiunga na kikundi cha waliolipwa, kama Kramer alivyofanya mwaka uleule. Asbóth alipanda gari akarudi Hungaria.

Alirudi kwenye inchi iliyokuwa inabadilika kila mwezi. Mwezi wa nane 1947 kulikuwa uchaguzi ambao wakomunisti waliuchafua kwa udanganyifu. Mwezi wa sita 1948 chama cha kikomunisti kilikimeza chama cha wasosialisti, na tangu hapo Mátyás Rákosi na watu wake hawakuwa na mpinzani wa kuwasumbua. Pasipoti ikawa kitu cha kuombea. Mwanamichezo aliyetaka kwenda Magharibi alitazamwa kama mtu anayeweza kutoroka, na tenisi yenyewe ilionekana kuwa mchezo wa mabwana wa zamani, hata kama bingwa wake alitoka kwenye nyumba ya watu wa reli. Serikali ya wafanyakazi ingeweza kumwonyesha kwa majivuno mtoto wa mfanyakazi aliyewashinda matajiri kwenye kiwanja chao. Badala yake ilimwogopa.

Ni hapo anapoingia mzee mmoja asiyetarajiwa. Mfalme Gustav wa Tano wa Uswidi alikuwa mpenzi mkubwa wa tenisi. Kwa miaka mingi alishiriki mashindano kwa jina la kujificha, Mr G, na mwezi ule wa sita 1948 alitimiza miaka 90. Alikuwa amezoea kutumia jina lake kuwatetea wachezaji. Wakati wa utawala wa Hitler alimtetea Mjerumani Gottfried von Cramm. Safari hii alisimama kwa ajili ya Asbóth mbele ya serikali ya Hungaria, akimdhamini kwamba akiruhusiwa kwenda Wimbledon atarudi. Mfalme anamdhamini mtoto wa reli mbele ya wakomunisti: mambo ya kushangaza hayakosi katika michezo.

Asbóth akaruhusiwa, akafika London. Majani hayakuwa mchezo wake, lakini alifika nusu finali, mbali kuliko wengi walivyomtarajia. Pale akakutana na John Bromwich wa Australia. Seti ya kwanza ilikwenda kwa Bromwich 6-3. Ya pili ikawa vita kamili: wakati ule hakukuwa mchezo mfupi wa kumaliza seti ikifika 6-6, ilibidi mmoja amzidi mwenzake kwa mawili, na wawili hao walikwenda mpaka 14-12. Bromwich aliichukua, kisha akamaliza 6-2. Katika finali Bromwich mwenyewe alifika pointi moja kutoka ubingwa mara tatu, akashindwa na Bob Falkenburg.

Na Asbóth akarudi nyumbani, kama mfalme alivyosema.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba 1949, mchezaji aliyefanana naye kuliko wote alichagua njia nyingine. Jaroslav Drobný wa Chekoslovakia alikuwa Gstaad, Uswisi, kwenye mashindano, akakataa kurudi. Mwenzake Vladimír Černík alibaki naye. Drobný alitangatanga bila inchi mpaka Misri ikampa uraia, na kwa uraia huo alishinda Roland Garros mwaka wa 1951, ambapo katika finali alimpiga Sturgess yuleyule, kisha tena mwaka wa 1952. Mwaka wa 1954 akachukua Wimbledon.

Kuwalinganisha watu hao wawili ni jambo gumu, na mimi sidhani mmoja alikuwa shujaa na mwingine mjinga. Drobný alilipa kwa kupoteza kwao. Asbóth alilipa kwa miaka ya mchezo wake. Wakati Drobný anabeba makombe, mpaka kati ya Hungaria na Austria, ule uliokuwa karibu na mji alikozaliwa Asbóth, ulizungushiwa nyaya za miiba na kutegwa mabomu ya ardhini. Feza na sifa za serikali zilikwenda kwenye mpira wa miguu, kwa timu ya Ferenc Puskás iliyoifunga Uingereza 6-3 pale Wembley mwaka wa 1953 na kupoteza finali ya Kombe la Dunia mwaka wa 1954. Bingwa wa Paris alizeeka kimchezo ndani ya inchi yake.

Hakuacha kucheza. Aliendelea kuvaa rangi za Hungaria kwenye Kombe la Davis mpaka mwaka wa 1957, akiwa na miaka 39. Lakini mwaka uliotangulia, wananchi wa Budapest waliinuka dhidi ya utawala, vifaru vya Kisovieti vikaingia na kuzima uasi, na watu karibu 200,000 wakakimbia inchi. Puskás, ambaye klabu yake ilikuwa safarini inje, hakurudi. Baada ya muda Asbóth naye akaondoka kwenda Magharibi, akafanya kazi ya kocha, na hatimaye akakaa Ujerumani ya Magharibi. Mtu aliyerudi alipodhaminiwa na mfalme aliondoka wakati hakuna tena aliyemdhamini.

Mwaka wa 1958, Mhungaria mwingine alishangiliwa Roland Garros: Zsuzsa Körmöczy, mwenye umri wa miaka 33, alishinda kombe la wanawake akiwa angali mchezaji wa Budapest. Balázs Taróczy alikuja baadaye na kushinda kwa wachezaji wawili wawili, Paris mwaka wa 1981 na Wimbledon mwaka wa 1985, pamoja na Heinz Günthardt wa Uswisi. Kwa mwanaume anayecheza peke yake, jina limebaki lilelile.

József Asbóth alikufa Munich tarehe 10 mwezi wa tisa 1986, siku nane kabla ya kutimiza miaka 69. Nyaya za mpaka ule wa Austria zilianza kukatwa mwezi wa tano 1989.