Cicero, wakili aliyeshinda kesi kisha akarudi shuleni

Kuna imani moja iliyoota mizizi katika shule na vyuo vyetu, nayo ni kwamba elimu ina kikomo. Mwanafunzi akishamaliza mtihani wa mwisho huyafunga madaftari yake kwa kamba, akayatupa darini, na kuanzia siku hiyo hujihesabu kuwa mtu aliyesoma. Tunalolisahau ni kwamba ziko kazi ambazo mwenye kuzifanya kwa elimu iliyochakaa hajidhuru mwenyewe, humdhuru mwenzake. Daktari anafanya kazi ya namna hiyo. Mwalimu vilevile. Leo ningependa kumzungumzia wa tatu, yaani wakili wa kesi za jinai, ambaye uzembe wake hulipwa kwa miaka ya kifungo cha mtu mwingine, na pengine kwa roho yake.

Nisije nikaonekana kuwasimanga mawakili walio hai, nimeamua kupitia kwa mtu aliyefariki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Walimu na wanafunzi waliowahi kuusoma mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa jina Juliasi Kaizari watamkumbuka Cicero, mzee anayepita jukwaani kwa maneno machache, kisha tukaja kusikia kwamba ameuawa. Mchezo huo haukuwa na nafasi ya kutueleza kwamba mzee huyo ndiye aliyekuwa wakili mashuhuri kuliko wote katika zama zake, wala jinsi alivyoipata sifa hiyo.

Marcus Tullius Cicero alizaliwa tarehe 3 Januari mwaka wa 106 K.K. katika mji mdogo wa Arpinum, kusini-mashariki ya Roma. Ukoo wake ulikuwa na mali ya kutosha, lakini haukuwa umetoa hata mtu mmoja wa cheo kikubwa katika dola ya Warumi. Katika jamii iliyothamini jina la babu kuliko kipaji cha mjukuu, kijana huyo alikuwa na mlango mmoja tu wa kupitia, nao ni elimu. Utotoni alikariri sheria kongwe za Warumi zilizoitwa Mabamba Kumi na Mawili, kama watoto wetu wanavyokariri hesabu za kuzidisha. Alipofikia utu uzima alipelekwa kwa Scaevola, mwanasheria mkongwe. Siku hizo hapakuwa na chuo cha sheria. Mwanafunzi aliketi karibu na mzee, akawasikiliza watu waliokuja kutaka shauri, akayaweka moyoni majibu waliyopewa.

Mzee huyo alipofariki, Cicero hakujitangaza kuwa amehitimu. Alihamia kwa jamaa wa marehemu, naye aliitwa Scaevola, akaendelea kusikiliza. Aidha, kila alipopata nafasi alikwenda katika uwanja wa Forum, mahali kesi zilipofanyiwa hadharani, kuwatazama mawakili wakipambana. Hortensius, aliyekuja kuwa mpinzani wake mkubwa, alianza kusimamia kesi akiwa na umri wa miaka 19. Cicero alingoja hadi alipotimiza miaka 25.

Mwaka wa 80 K.K. aliichukua kesi ambayo mawakili wakubwa waliikwepa. Mtu mmoja aliyeitwa Sextus Roscius, wa mji wa Ameria, alishtakiwa kwa kumuua baba yake mzazi. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa ya kutisha, kwani mwenye hatia alishonwa ndani ya mfuko na kutoswa majini. Nyuma ya mashtaka hayo palikuwa na jambo. Marehemu aliacha mashamba 13. Baada ya kuuawa, jina lake lilitiwa katika orodha ya maadui wa serikali, hali muda wa kuandika majina humo ulikuwa umekwisha. Kwa maelezo ya Cicero, mali hiyo ya thamani ya sarafu milioni 6 ilinunuliwa kwa sarafu 2,000, na mnunuzi alikuwa Chrysogonus, mtumwa aliyeachwa huru na kipenzi cha dikteta Sulla. Kumtetea Roscius kulikuwa sawa na kuutia mkono mzingani.

Kijana huyo wa miaka 26 alisimama akauliza swali ambalo wapelelezi huliuliza hata leo: ni nani aliyefaidika na kifo hicho? Roscius hakufaidika kwa lolote, maana alifukuzwa katika mashamba ya baba yake. Waamuzi walimwachilia huru.

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya kesi hiyo Cicero alisifiwa Roma nzima, na wateja wakafurika mlangoni pake. Wakili wa kawaida angejenga nyumba kubwa na kuanza kuwafundisha wengine. Cicero alifanya kinyume. Mwaka wa 79 K.K. aliiacha kazi yake, akapanda meli kwenda Ugiriki kuwa mwanafunzi tena.

Wako waliodai kwamba alikuwa anamkimbia Sulla. Yeye mwenyewe, katika maandishi ya uzeeni, alitoa sababu nyingine. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo nyembamba, na alizoea kupaza sauti kwa nguvu zake zote tangu mwanzo wa hotuba hadi mwisho. Matabibu na marafiki walihofia maisha yake, wakamshauri auache uwakili. Akaona ni heri ajifunze upya namna ya kusema. Kwa muda wa miezi 6 alisoma falsafa huko Athens kwa mwalimu Antiochus. Kisha alivuka hadi nchi ambayo leo ni Uturuki, akafanya mazoezi na wasemaji maarufu wa huko. Hatimaye alifika kisiwa cha Rhodes kwa mwalimu Molon, ambaye alikuwa amepata kumsikiliza huko Roma. Molon hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliyapogoa maneno yake ya ziada kama mkulima apogoavyo matawi ya mkahawa ili yaliyobaki yazae. Cicero alirejea Roma mwaka wa 77 K.K. akiwa na sauti iliyotulia na mwili wenye afya.

Naomba wasomaji walizingatie jambo hili. Hakurudi shuleni kwa sababu ya kushindwa, wala hapakuwa na sheria ya kumlazimisha. Alirudi kwa kuwa alizitambua kasoro ambazo ushindi ungeweza kuzificha.

Matunda yake yalionekana mwaka wa 70 K.K., aliposimamia mashtaka dhidi ya Verres, gavana aliyewapora wakazi wa kisiwa cha Sicily kwa miaka 3. Cicero aliomba siku 110 za kufanya upelelezi, akazitumia 50 tu. Alizunguka kisiwani akikusanya vitabu vya hesabu na mashahidi. Wakili wa Verres alikuwa Hortensius, ambaye mwaka uliofuata angeshika cheo cha konsuli, cheo cha juu kabisa katika dola. Njama yao ilikuwa kuikokota kesi hiyo kupitia siku nyingi za sikukuu hadi mwaka ugeuke. Cicero aliing'amua njama hiyo. Akaikata hotuba ndefu iliyokuwa desturi ya mahakama, akawaita mashahidi papo hapo, mmoja baada ya mwingine. Verres alitorokea Massilia, mji ambao leo ni Marseille nchini Ufaransa, kabla hukumu haijatolewa. Kesi hiyo haikushindwa kwa ufasaha wa ulimi pekee. Ilishindwa kwa utafiti na kwa kuzijua taratibu za mahakama.

Na Hortensius je? Huyu alikuwa na kumbukumbu ya ajabu na kipaji cha kuzaliwa. Lakini baada ya kuwa konsuli mwaka wa 69 K.K. aliyalegeza mazoezi yake, akaonelea sasa astarehe. Makali yake yalipungua mwaka hadi mwaka, hata watu wa kawaida wakayatambua mabadiliko hayo. Cicero aliendelea na mazoezi yake ya kuandika na kusema, akampita.

Nayasimulia haya kwa sababu sheria haimsubiri wakili. Tuchukue mfano wa adhabu ya kifo hapa Kenya. Kwa miaka mingi, mtu aliyepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia hakuwa na la kujitetea mbele ya kitanzi, maana jaji hakuwa na hiari. Julai 2010 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba ulazima huo haupatani na Katiba. Oktoba 2013 mahakama iyo hiyo ikaugeuza msimamo wake. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaufutilia mbali ulazima huo, na Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee, bila kugusa makosa mengine kama wizi wa mabavu. Katika muda wa miaka 11 sheria ilipinda mara 4.

Sasa mfikirie wakili aliyefuzu mwaka wa 2005 na asifungue kitabu tena. Mwaka wa 2018 anasimama mahakamani, mteja wake amepatikana na hatia, na wakili hajui kwamba sasa ana haki ya kumweleza jaji umri wa mteja huyo, maisha yake na majuto yake ili apunguziwe adhabu. Ananyamaza. Mteja, ambaye hakusoma, anadhani kimya hicho ndicho sheria.

Mawakili wa Kenya hutakiwa kuhudhuria mafunzo ya kuendeleza taaluma kila mwaka ili waruhusiwe kuendelea na kazi. Wapo wanaonung'unika kwamba huo ni upotezaji wa muda na fedha, na wapo wanaotia sahihi, wakanywa chai, wakaondoka. Kwa maoni yangu, dawa ya mafunzo dhaifu ni kuyaboresha. Wakili wa jinai afundishwe hukumu mpya, ushahidi wa kitaalamu na wa vyombo vya elektroniki, na ustadi wa kuhoji mashahidi. Isitoshe, awepo Molon wa kumkosoa mbele ya wenzake, hata akiwa wakili mkongwe.

Hata hivyo, ningekuwa nawapunja wasomaji kama ningeishia kwenye sifa. Mwaka wa 63 K.K. Cicero mwenyewe alikuwa konsuli, akagundua njama ya Catiline ya kuipindua dola. Watu 5 walikamatwa. Tarehe 5 Desemba, baada ya mjadala katika Seneti ambamo Julius Caesar alipinga wasiuawe, Cicero aliamuru wanyongwe gerezani bila kufikishwa mahakamani. Ilikuwapo sheria ya mwaka wa 123 K.K. iliyokataza raia kuuawa bila idhini ya wananchi, naye aliijua. Umati ulimshangilia, akaitwa Baba wa Nchi. Hapo ndipo mgema alipolitia tembo maji. Mwaka wa 58 K.K. adui yake, Clodius, aliitumia hoja hiyohiyo kumfukuza nchini, na nyumba yake ikabomolewa. Alirudishwa mwaka uliofuata, lakini doa hilo halikufutika. Wakili aliyemwokoa Roscius kwa kudai haki isikilizwe aliwanyima wengine haki ya kusikilizwa. Kwa hivyo mafunzo ya wakili yasipomkumbusha maadili mara kwa mara, ujuzi mwingi hautamzuia kuivunja sheria anayoijua.

Hata uzeeni hakuacha kusoma na kusomesha. Mwaka wa 46 K.K., akiwa na miaka 60, aliandika kitabu cha historia ya wasemaji wa Roma, na watu wazima wenye vyeo, Hirtius na Dolabella, walikwenda kwake kujifunza kuhutubia. Tarehe 7 Desemba mwaka wa 43 K.K. aliuawa na askari kwa sababu ya hotuba alizotoa dhidi ya Mark Antony. Kichwa chake na mikono yake vilitundikwa kwenye jukwaa la Forum, palepale alipokuwa akisimama kijana kuwasikiliza wakubwa.

Ombi langu kwa walimu ni kwamba tuache kuwaambia wanafunzi wetu kuwa wamemaliza. Yuko miongoni mwao atakayesimama siku moja kati ya mshtakiwa na gereza. Afadhali ajue tangu sasa kwamba cheti chake kitamruhusu kuingia mahakamani, na kwamba siku ile mshtakiwa atategemea yale ambayo wakili wake aliyasoma baada ya kukipata.