Bwana Faraday na Maji Mekundu ya Dhahabu

Wengi wetu twalijua jina la Michael Faraday kwa ajili ya umeme. Mimi napenda kuwasimulia kazi yake nyingine, ambayo darasani hupitwa upesi.

Alizaliwa karibu na London tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu, na nyumbani chakula kilikuwa haba. Shule aliipata kidogo tu. Alipotimiza miaka 14 akawekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa huko miaka saba. Na vitabu alivyovishona alivisoma. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tikiti za kumsikiliza mkemia Humphry Davy. Faraday akaandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake, akampelekea Davy mwenyewe. Machi 1813 akaajiriwa Royal Institution kuwa msaidizi wa maabara. Hesabu za juu hakuzijua kamwe. (Ndugu zangu mnaozikimbia hesabu, msishangilie: alifanya kazi kuliko sisi sote.)

Umeme nauacha. Mwaka 1856, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, na kumbukumbu imeanza kumpotea, alitaka kujua nuru hufanya nini ikutanapo na dhahabu. Akatwaa dhahabu iliyofuliwa nyembamba mno hata nuru hupenya, nayo hutokea upande wa pili ikiwa ya kijani. Kisha akatia fosforasi katika maji yenye dhahabu iliyoyeyushwa, na maji yakawa mekundu kama rubi. Yalionekana safi kabisa. Lakini alipopitisha mwali wa nuru, njia yake ilionekana ndani, kama jua liingiapo dirishani katika chumba chenye vumbi. Akatambua kwamba dhahabu imo humo, vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Alipotia chumvi ya kawaida, wekundu ukageuka buluu. Leo twajua sababu: vipande vile, vya nanometa chache tu (nanometa ni sehemu ya milioni ya milimita), hukaribiana na kushikamana, na rangi hubadilika.

Tarehe 5 Februari 1857 aliyaeleza hayo mbele ya Royal Society. Jibu kubwa alilolitafuta juu ya nuru hakulipata. Akafariki tarehe 25 Agosti 1867, hali amekataa kuitwa Sir.

Sasa tazameni kipimo cha malaria katika zahanati zetu. Mstari ule mwekundu, katika vipimo vingi, ni dhahabu ya namna ile ile. Dhahabu peke yake haichagui kitu. Huvikwa kingamwili zinazoshika protini ya kijidudu cha malaria, wala si nyingine. Protini hiyo ikiwamo katika tone la damu, hushikamana na dhahabu hiyo, nayo hunaswa mstarini, ikarundikana hata tukauona wekundu. Mama mwenye mtoto mwenye homa hupata jibu kwa muda wa dakika 15 au 20, pasipo darubini.

Chupa kadhaa za Faraday zingali zimetunzwa London, na maji yake ni mekundu hata leo.