Maisha ya Pehr Henrik Ling, mtu wa kunyosha viungo

Ndugu wanafunzi, na zaidi ninyi wa kalasi ya sita mnaoulizwa kila jioni nyumbani mtasoma nini kisha diploma ya Serikali.

Baba yangu mdogo alianguka na pikipiki. Mfupa uliunga vizuri, lakini goti lilibaki gumu kama mti, juu hakupata mtu wa kumfundisha kulikunja. Hata leo anatembea na fimbo. Ndiyo maana nilitafuta habari za kazi ya kinezi, nikamkuta mtu huyu.

Ling alizaliwa tarehe 15 Novemba 1776 kijijini Södra Ljunga, kusini mwa Uswidi, nchi ambayo wamisionari wake walifika hapa Uvira mwaka wa 1921. Baba yake alikuwa pasta, naye mwenyewe alisoma teolojia, lakini hakuingia kazi ile. Alizunguka miaka mingi katika nchi za wengine, feza ikimkosa. Huko Copenhagen alijifunza kupigana kwa upanga mwembamba, mchezo wa Wazungu wa zamani. Mkono wake ulikuwa mgonjwa. Kumbe, kwa kushika upanga kila siku, mkono ulizidi kupata nguvu! Mwingine angefurahi na kunyamaza. Yeye alitaka kujua ni juu ya nini.

Kutoka 1805 alifundisha upanga kwenye Universite ya Lund. Hapo alifanya jambo ninaloliheshimu kuliko yote: mtu mzima, tena mwalimu, alianza kujifunza mifupa, nyama na mishipa ya mwili pamoja na wanafunzi wa uganga. (Ninyi mnaokimbia saa ya biolojia, mnasikia?)

Alipoomba Serikali imsaidie kufungua shule, mara ya kwanza alikataliwa. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja alimjibu kuwa nchi ina watu wa sarakasi wa kutosha. Lakini mwaka wa 1813 ruhusa ilitoka, na shule ikafunguliwa Stockholm. Mazoezi aliyagawa mafungu manne: ya shule, ya askari, ya wagonjwa, na ya kuonyesha uzuri wa mwili. Ile mistari yetu ya asubuhi uwanjani, mimi nikipiga filimbi nanyi mkinung'unika, ni ya ukoo wa fungu la kwanza.

Fungu la wagonjwa ndilo lilileta vita. Waganga wengi hawakupenda mtu asiye munganga aguse wagonjwa wao. Haki kidogo walikuwa nayo, maana Ling alichanganya mafundisho yake na filosofia isiyoeleweka vizuri. Hata hivyo mwaka wa 1831 chama cha waganga cha Uswidi kilimpokea. Watu husema pia kwamba alivumbua masaji ya Kiswidi. Siyo kweli, ile imetoka zaidi kwa Mezger, munganga wa Uholanzi.

Alikufa tarehe 3 Mei 1839, kitabu chake kikubwa kikiwa hakijaisha. Wanafunzi wake walikimaliza mwaka wa 1840. Mmoja wao, Carl August Georgii, alitoa kitabu Paris mwaka wa 1847, na juu yake aliandika neno kinésithérapie. Ndipo lilipotoka neno letu kinezi.

Mwaka wa 1887 ofisi ya afya ya Uswidi ilianza kuwaandika wenye kazi hii kwenye orodha ya Serikali. Kusema tu una mikono mizuri hakukutosha tena.

Kwetu Kongo pia wanataka karatasi. Kisha diploma unaingia ISTM, na ile ya Kinshasa ina fungu la kinezi. Kinshasa ni mbali na Kasenga, na feza ya ndege si kidogo, tusidanganyane. Tena kazi inapatikana zaidi mjini, ao katika vituo vya walemavu kama Heri Kwetu ya Bukavu, kuliko vijijini. Lakini wagonjwa si haba: wa pikipiki, wa risasi, waliopooza upande mmoja juu ya presha, watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda.

Baba mdogo ameniuliza kama goti lake lingali na dawa. Sikuweza kumjibu. Barua ya kuomba nafasi nimekwisha kuianza.