Mwalimu Aliyeukaribia Moto

Mnamo 1902, volkano ya Pelée ililipuka kisiwani Martinique ikaua watu wapatao 28,000. Thomas Jaggar, mwanajiolojia wa Marekani, aliyaona magofu yale akaazimia kuyatoa maisha yake kwa uchunguzi wa volkano. Mwaka 1912 aliacha uhadhiri, akaanzisha kituo ukingoni mwa Kilauea, Hawaii. Mwaka 1917, yeye na wasaidizi wake walitumbukiza mabomba ya chuma katika ziwa la zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka. Juu ilikuwa nyepesi mithili ya uji. Chini, kwenye mita zipatazo 14, ilikuwa nzito kama ugali. Mnato huo ni miongoni mwa mambo yaamuayo iwapo zaha itatambaa au itavikimbilia vijiji. Jaggar alifariki 1953. Nasi walimu wa chaki tujiulize: ni lini tuliwafikisha wanafunzi wetu ukingoni?