Sayyid Abdallah wa Pate na Wasomaji wa Bara

Miongoni mwa washairi wa kale wanaosomwa katika shule zetu, sidhani kama yuko anayetajwa sana na kufahamika kidogo kuliko Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mwanafunzi wa Meru au Embu hufundishwa kwamba ndiye aliyetunga Al-Inkishafi, na kwamba kila ubeti una mishororo minne, mitatu ya kwanza ikikubaliana kwa vina na wa nne ukirudia kina kimoja tangu mwanzo hadi tamati. Akiisha kuyajibu hayo katika mtihani, hufunga kitabu. Mtu mwenyewe, na mji uliomhuzunisha, hubaki huko Pwani kana kwamba ni habari za jirani asiyetuhusu.

Sayyid Abdallah aliishi Pate, katika visiwa vya Lamu. Wataalamu wanakadiria kuwa alizaliwa yapata mwaka 1720 akafariki yapata mwaka 1820. Alikuwa sharifu, wa nasaba ya Sheikh Abubakar bin Salim, mwanachuoni na walii wa Inat, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1584. Masharifu wa ukoo huo waliheshimiwa mno katika miji ya Waswahili: walisomesha, walisuluhisha magomvi, waliombea watu dua. Hilo tulitie maanani, maana huyu hakuwa maskini aliyechungulia fahari ya matajiri kupitia ufa wa mlango. Alikuwa mtu wa tabaka lao, ajuaye zilivyopambwa sebule zao.

Na Pate ilikuwa na fahari kweli. Chini ya wafalme wa Nabahani mji ulifanya biashara ya pembe za ndovu na nguo za hariri, ambazo Wareno walizisifu tangu karne ya 16. Kisha ikaingia fitina. Watu wa jamaa moja waligombea ufalme, vita vya ndani vikafuatana, na yapata mwaka 1812 majeshi ya Pate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa yakashindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Lamu ikajiweka chini ya ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na Pate haikuinuka tena.

Utenzi wa Sayyid Abdallah watoka katika miaka hiyo ya kuporomoka. Waanza kama ibada: kumtaja Mungu, kumsifu na kumswalia Mtume. Ndipo mshairi auelekeapo moyo wake mwenyewe na kuuhoji. Aghalabu walimu hulipita hilo upesi, wakafika penye magofu, wakaeleza kwamba utenzi ni maombolezo ya mji ulioanguka. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya habari. Magofu yameletwa kama ushahidi mbele ya mahakama, na mshitakiwa ni moyo wa mwanachuoni anayejua yote yaliyo haki na bado anaipenda dunia. Neno lenyewe, inkishafi, lahusu kufunuliwa kwa kilichofunikwa. Kwa hiyo vidaka vilivyowekewa vyombo vya Kichina vimegeuka viota vya ndege, buibui wametanda majumbani, na wenye nyumba wamo kaburini; halafu moyo waulizwa wangoja nini. Mwishoni yatajwa majina ya moto wa Jahanamu mmoja baada ya mwingine.

Si Pate peke yake iliyopata mwanachuoni wa namna hii. Huko Hispania, karne saba kabla yake, Myahudi Yehuda Halevi, tabibu na mwanafalsafa, alitunga kwa Kiebrania mashairi ya ibada, akitumia bahari alizojifunza kwa Waarabu. Aliililia Yerusalemu, mji ambao hakuwa ameuona, hata mwaka 1140 akafunga safari ya kuuendea kupitia Misri, akafa mwaka uliofuata. Kilio chake husomwa hadi leo masinagogini katika siku ya kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu. Sayyid Abdallah hakuhitaji safari yoyote. Mji alioulilia ulikuwa mlangoni pake.

Utenzi wake ulihifadhiwa na wanakili wa hati za Kiarabu, miongoni mwao Muhamadi Kijuma wa Lamu, hata William Hichens akauchapisha London mwaka 1939. Yahusishwa naye pia Takhmisa ya Liongo, alimochukua shairi la shujaa yule na kuongeza mishororo juu ya kila ubeti hadi ikatimia mitano. Simulizi zasema Liongo alizikwa karibu na Kipini, penye mlango wa mto Tana; yaani ndipo yaishiapo maji ya Rupingazi na Thuchi.

Liko jambo moja zaidi, na hili ni zito. Katika kueleza starehe za matajiri wa Pate, mshairi ataja wakandaji, wapepeaji na watumbuizaji waliosimama wakiwahudumia. Wapita katika beti kama vitanda na mito, na hakuna chozi linalowadondokea. Mji ule ulikuwa na watumwa. Sasa wazee wa Wameru wamesimulia vizazi kwa vizazi kwamba watu wao walitoka kisiwa kiitwacho Mbwaa, walikotumikishwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, hata wakavuka maji usiku na kutoroka. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, kilicho jirani ya Pate. Si wote wanaokubaliana naye, na mimi sitaki kuifanya simulizi iwe hati ya mahakama. Lakini mwalimu wa Nkubu au Chuka anayefundisha Al-Inkishafi huenda ana darasa ambamo wamo waliosikia habari za Mbwaa kwa babu zao. Watoto hao wana haki ya kuusoma utenzi kutoka upande wa mwenye kushika upepeo, si upande wa aliyelala kitandani tu. Swali la namna hiyo sijalikuta katika miongozo ya fasihi, nami ningependa kusikia watakavyolijibu.