Daktari wa Macho na Lugha Aliyoiachilia

Ludwik Zamenhof alizaliwa mwaka 1859 mjini Białystok, uliokuwa chini ya utawala wa Urusi. Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani walikutana pale kila mmoja na lugha yake na, kwa bahati mbaya, chuki yake. Aliyezoea soko la Kibuye hapa Kisumu, ambapo Kijaluo, Kiluhya, Kigusii na Kiswahili husikika kwenye kibanda kimoja, hatashangaa kwamba kijana huyo aliwaza lugha ya kuwaunganisha watu.

Alisomea udaktari, akawa mtaalamu wa macho. Mwaka 1887 alichapisha mjini Warsaw, kwa fedha za baba mkwe wake, kijitabu chenye kanuni 16 na mizizi ya maneno ipatayo 900. Hakutumia jina lake bali lakabu Esperanto, maana yake mwenye kutumaini. Lakabu hiyo ikawa jina la lugha.

Jambo kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba papo hapo aliikana haki ya umiliki. Padri Schleyer wa Ujerumani, aliyebuni Volapük miaka michache kabla, alidai kauli ya mwisho juu ya kila badiliko. Wafuasi wake wakagawanyika na lugha ikafifia. Zamenhof alipopendekeza marekebisho mwaka 1894, aliwapigisha kura watumiaji. Wengi wakayakataa, naye akatii. Mwaka 1905, kwenye kongamano la Boulogne-sur-Mer nchini Ufaransa, kanuni za msingi zilikubaliwa zisiguswe, ila msamiati uachwe ukue.

Nao ulikua. Watumiaji walikizoesha kiambishi -aĉ-, chenye kudunisha, hata domo, yaani nyumba, ikazaa domaĉo, kibanda kibovu. Kiambishi hicho kilipata idhini rasmi mwaka 1909, kikiwa tayari vinywani. Baadaye sana wakaunda komputilo kwa kompyuta. (Sisi tulibuniwa tarakilishi; sijamsikia fundi yeyote wa Kisumu akilitamka.)

Kando ya ziwa letu tuna mfano wa kinyume. Katika miaka ya 1940 wamishonari na kamati yao waliunda Kiluhya sanifu kutokana na lahaja kadhaa. Wamaragoli hawakukifuata, Biblia yao kamili ilitoka mwaka 1951 kwa Kilogooli. Wanafunzi wangu hukilaumu kiburi cha kikabila. Mimi nailaumu kamati: lugha ilipelekwa kwa wenyewe ikiwa imekwisha kukatwa na kushonwa.

Zamenhof hakupona majeraha yote ya uhuru huo. Kati ya 1907 na 1908 kundi la warekebishaji lilijitenga na kuunda Ido, likimchukua mmoja wa wasaidizi wake mashuhuri, de Beaufront. Mwaka 1912 alijivua uongozi rasmi. Alifariki Warsaw mwezi Aprili 1917, vita vikiendelea. Watoto wake wote watatu waliuawa na Wanazi. Lidia, aliyezunguka Ulaya na Marekani akiifundisha lugha ya babake, aliangamia Treblinka mwaka 1942.